Salfa ya korosho ndiyo inayotuhusu
Makala tuliyosoma inaeleza mtambo wa kupasua kwa umeme salfidi hidrojeni, gesi inayonuka mayai viza, ili kupata hidrojeni na salfa. Ndugu uliyeandika hapo juu kwamba mtambo huo uletwe Madimba, kwenye kiwanda cha kusafisha gesi hapa Mtwara, sikuungi mkono. Gesi ya Mnazi Bay inayofika hapo karibu yote ni methani. Hiyo inayonuka mayai viza haipo ya kulisha mtambo. Ipo kwa wingi kwenye visima vya Ghuba ya Uajemi huko. Leo wanaichoma kwa njia ya Claus, ile ya kawaida viwandani ya kutoa salfa kwenye gesi hii: salfa wanaipata, ila hidrojeni yote inaishia kuwa maji. Hapo ndipo umeme unapovutia. Kinadharia volti 0.17 hivi zinatosha kuitenganisha, wakati maji yanadai 1.23. Tatizo, ambalo mwandishi wa makala kalipitia juu juu, ni kwamba salfa ikijitenga inaganda kwenye elektrodi, kipande kinachopitisha umeme ndani ya mtambo, na kuiziba, kazi inasimama.

Sisi wa Mtwara tutaisikia habari hii kwenye salfa ya unga tunayopulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Salfa nyingi duniani tayari inatokana na kusafisha mafuta na gesi. Mkulima wa Tandahimba atauliza tu kama mfuko utashuka bei. Mimi sioni kwa nini ushuke, maana faida wanayoiwinda wenzetu ni hidrojeni.