Ssenga, Subiri Kidogo!

Kwanza nikanushe. Mwenzangu aliyekaa kiti cha nyuma ameshawatangazia nusu ya Kampala kwamba nilisimamisha kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa msichana, ili nifute picha za mchumba wa zamani. Si kweli jamani. Nilikuwa nafuta filamu.

Kazi ya kamera nilipewa kwa sababu ya kujisifu kwangu, mnanijua. Simu yenyewe ni ya GB 64, na hapo Android na programu zilizokuja nayo zilishajikatia fungu lao. Asubuhi nikaona imebaki GB 2, nikasema inatosha. Wapi! Video ya 1080p (HD kamili) hula karibu MB 130 kwa dakika, kwa hiyo GB 2 ni robo saa tu. Na robo saa ya kwanjula, wasemaji wa pande mbili wanakuwa bado wanataniana. Utani huo ninao wote.

Sasa ssenga, shangazi wa bibi harusi, akatoka na gomesi lake (gauni refu la Kiganda) linalong'aa, ua mkononi, akapita mbele ya safu ya wanaume waliovaa kanzu akimtafuta bwana harusi ambandike ua hilo kifuani. Akampata. Akainua mkono. Simu ikaniandikia kuwa nafasi imejaa, kurekodi kukakatika.

"Ssenga, subiri!"

Na akasubiri! Ua likabaki hewani, vidole viwili kutoka kifuani kwa kanzu. Muziki ukazimwa. Mimi nimo: Mipangilio, Hifadhi, Programu. Kiduara kinazunguka. Ssenga ananitazama. Kiduara kinazunguka. Bibi mmoja kwenye mkeka akauliza kama kuna aliyefariki.

Orodha ikafunguka. Juu kabisa imekaa programu ninayotazamia filamu za ma-VJ, wale wanaozitafsiri kwa sauti yao: GB 23. Kwenye duka la programu iliandikwa makumi ya MB tu! (Mnaotaka kuniambia "si ungeiondoa", tulieni, nakuja.) Nikaigusa. Ukubwa wa programu, MB 190. Data ya mtumiaji, GB 22.7. Akiba (cache, faili za muda), MB 60. Nikabonyeza "Futa akiba" kwa kishindo. Nikapata MB 60, yaani nusu dakika ya video.

Ukubwa unaouona dukani ni wa kifurushi kilichobanwa ili kipakuliwe. Kikishafika, simu inakifungua na kuyatayarisha maagizo yake (code), kwa hiyo kinanenepa. Hilo ni dogo. Shida ni data: filamu unayodhani unaitazama mtandaoni tu, baadhi ya programu za namna hii huiandika kwenye simu, tena upande wa data. "Futa akiba" haiigusi. "Futa data" inaifagia yote, na wewe inakutoa kwenye akaunti, uanze kusubiri msimbo wa SMS mbele ya wakwe. Kuiondoa programu ni vilevile. Njia salama ni kuingia ndani ya programu yenyewe, kwenye mipangilio yake ya hifadhi, ufute video peke yake. Zilizotoka kwenye seva (kompyuta za mtandaoni) utazipakua tena ukitaka.

Nikaingia. Humo video zimepangwa kwa ukubwa, na majina yake kwa herufi kubwa. Msemaji wa upande wa bibi harusi akashika kipaza sauti: "Ssebo, bwana wa kamera, tukuletee chai?" Watu wakaangua kicheko. Ndipo yule mwenzangu akachungulia begani kwangu na kuanza kusoma majina kwa sauti. Moja baada ya jingine. Msemaji akawa anayarudia kwenye kipaza. Mtaani nafahamika kama mtu wa filamu za vita, kumbe karibu zote zilikuwa za mapenzi, zile za kulia. Bwana harusi alicheka mpaka kanzu ikatikisika, na ssenga akashindwa kulenga ua.

Basi. Ua likabandikwa, tukala, video ya tukio ikapatikana kwa mpwa aliyerekodi na kidole chake kimefunika kona.

Kesho yake ssenga akanipigia: "Mwanangu, na yangu imejaa." Nikamfungulia WhatsApp, Mipangilio, Hifadhi na data, Dhibiti hifadhi, ambako faili kubwa kuliko MB 5 na zilizosambazwa mara nyingi zimewekwa kando. GB 6 za maua ya "asubuhi njema" na mahubiri. Hajaniruhusu kufuta hata moja.