Lear Peke Yake: Mzee Anapoongea na Wasiokuwepo

Wanaoipenda tamthilia ya Mfalme Lear kwa dhati ndio wa kwanza kununa wakisikia imebakizwa mwigizaji mmoja, amevishwa makoti yaliyochakaa na kulazwa barazani mwa duka la London kama mzee asiye na makazi. Siwalaumu. Tanzia hii ya Shakespeare, iliyochezwa mbele ya Mfalme James wa Kwanza tarehe 26 Desemba 1606, imejengwa juu ya watu kujibizana. Ukiwatoa mabinti, ukamtoa na mcheshi wa mfalme, unakata mishipa yake.

Hoja yao nzito zaidi inatoka ndani ya tamthilia yenyewe. Kwenye dhoruba Lear ana mtu ubavuni karibu muda wote. Kent, mtumishi wake mwaminifu, anamtafutia kibanda, mcheshi anatetemeka naye, Gloucester, mmoja wa wakuu wa nchi, anamfuata na mwenge usiku. Tena mfalme huyu hakufukuzwa na kodi ya nyumba. Ufalme aliwagawia mabinti zake kwa mkono wake. Mtazamaji anaweza kurudi nyumbani akiamini kwamba kila mzee anayelala nje alijitakia. Hatari hiyo ipo, na mwongozaji asiyeiona atawadhulumu watu anaotaka kuwatetea.

Hata hivyo, hebu tuzitazame zile hesabu. Lear anapostaafu anabakiza askari farasi 100. Goneril, binti yake mkubwa, anawapunguza kuwa 50. Regan, binti wa pili, anasema 25. Hapo mzee anamgeukia Goneril tena: nitakwenda nawe, maana 50 yako ni mara mbili ya 25, basi na upendo wako ni mara mbili ya wake. Sentensi hiyo hunikaa moyoni kila ninapoisoma. Mtu aliyepita miaka 80 anapima upendo kwa kuhesabu vichwa, kama alivyowafundisha binti zake siku alipogawa nchi kwa kuuliza nani anampenda zaidi. Goneril anauliza, wa nini 25, au 10, au 5? Regan anamalizia: hata mmoja wa nini? Usiku huohuo milango inafungwa na mvua inaanza.

Hivyo ndivyo uzee unavyoweza kumtoa mtu ndani ya nyumba. Anapunguziwa kidogo kidogo, na kila punguzo lina sababu inayosikika kuwa ya busara: nyumba ni ndogo, gharama zimepanda, wageni wako wana kelele. Sisi hupenda kuuliza, “Ana watoto, analalaje nje?” Lear ana watoto watatu.

Sasa kuna aina mbili za Lear wa mtu mmoja. Wu Hsing-kuo wa Taiwan, kuanzia 2001, aliigiza wahusika mbalimbali mwenyewe kwa mbinu za opera ya Beijing: baba, mabinti, mcheshi. Pale majibizano yanabaki. Lear asiye na makazi huachiwa maneno yake tu, na hapo ndipo wakosoaji wanapoona pengo. Mimi naona ndipo mchezo unapoanza kuuma. Lile swali la Regan halisikiki. Tunasikia jibu peke yake: msinihesabie mahitaji, hata ombaomba wa chini kabisa ana kitu cha ziada. Mzee anajibu hewa. Umewahi kupita karibu na mtu anayegombana na wasiokuwepo, ukaharakisha hatua? Ukumbini huwezi kuharakisha. Umekaa, umelipa kiingilio, na ni wewe unayetazamwa.

Ile sala ya wasio na makazi nayo haimhitaji mtu mwingine. Lear anamtanguliza mcheshi kibandani, yeye anabaki nje mvuani akiwaombea maskini walio uchi, vichwa visivyo na paa na mbavu zisizo na chakula, kisha anakiri: hili nililijali kidogo mno! Edgar, mwana wa Gloucester aliyejifanya ombaomba mwendawazimu, na blanketi lake bado hajatokea. Fundisho limekuja na baridi yenyewe.

Bado kuna hasara nisiyoweza kuifuta. Mwishoni kabisa Lear anaomba, “Tafadhali, nifungulie kifungo hiki,” kisha anasema, “Ahsante, bwana.” Katika tamthilia nzima kuna mkono unaokifungua. Kwenye mchezo wa mtu mmoja anaomba, anangoja, na ahsante anaitoa kwetu sisi tuliokaa vitini bila kunyanyuka.