Nyota akitoka majeruhi: umnunue leo au umsubiri?

Jumamosi ya Januari 13, 2024, Kevin De Bruyne aliingia uwanjani St James' Park dakika ya 69, Manchester City wakiwa nyuma 2-1 dhidi ya Newcastle. Ilikuwa mechi yake ya kwanza ya ligi tangu Agosti. Dakika tano baadaye akapiga shuti la chini kutoka nje ya boksi, likajaa kwenye kona: 2-2. Dakika za nyongeza akamtilia Oscar Bobb mpira juu ya mabeki, kijana akautuliza, akampita kipa, akafunga. City 3-2.

Wanaocheza FPL, yaani Fantasy ya Ligi Kuu ya England, mchezo wa mtandaoni ambapo unaunda kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, walikuwa na hesabu nyingine kichwani. Pointi 1 ya kucheza chini ya dakika 60, 5 za goli, 3 za asisti: jumla 9 kabla ya bonasi. Aliyemnunua kabla ya muda wa mwisho wa usajili wiki ile alilala anacheka. Aliyesema "acha nimuone kwanza" alilala na hasira, na kesho yake akawa wa kwanza kumnunua.

Hasira ya namna hiyo ndiyo inayoniponza kila msimu. Tarehe 17 Februari mwaka huohuo Mohamed Salah alirudi dhidi ya Brentford, baada ya kuumia akiichezea Misri kwenye AFCON mechi ya Ghana. Aliingia dakika ya 44, akatoa asisti kwa Mac Allister, akafunga na lake. Hesabu ileile: 1, 5 na 3. Liverpool walikuwa na mechi mbili wiki hiyo, na mimi nilikuwa nimekubali kukatwa pointi 4, adhabu ya kusajili zaidi ya idadi ya bure, ili nimuingize, nikiitamani sana ile ya pili dhidi ya Luton. Luton ikafika, Salah hayumo hata benchi. Misuli imegoma tena. Akakosa na fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Chelsea, na hakuonekana tena uwanjani hadi Machi.

Pointi 9 na 9, lakini yaliyofuata hayafanani hata kidogo. De Bruyne aliumaliza msimu akiwa na magoli 4 na asisti 10 katika mechi 18 za ligi, na moja kati ya hizo ni ile ya Burnley, siku ya ufunguzi, aliyotoka ameumia dakika ya 23. Aliyemshika tangu Januari alivuna hasa.

Kilichowatofautisha, kwa ninavyoona mimi, ni namna walivyorudishwa. De Bruyne alifanyiwa upasuaji wa nyama za paja, akakaa nje karibu miezi mitano, na kabla ya Newcastle alikuwa ameshaonjeshwa dakika za Kombe la FA dhidi ya Huddersfield. Na City walikuwa na sababu ya kutokuwa na haraka: paja hilo lilikuwa limemtoa kwenye fainali ya Ulaya kule Istanbul mwezi Juni, akarudi baada ya miezi miwili tu, likamtoa tena Burnley. Salah hakupata utaratibu huo. Aliingizwa kabla ya mapumziko kwa sababu marehemu Diogo Jota alikuwa ameumia. Aliyetarajiwa kuanza benchi akajikuta anacheza kipindi kizima. Msuli wa nyuma ya paja hauna huruma kwenye wiki za kwanza za kurudi, na mshambuliaji anayeishi kwa kukimbia kasi ndiye anayeujaribu kuliko wote.

Wanaotetea kununua mapema wana hoja zao, na si hoja nyepesi. Mchezaji akikaa nje muda mrefu bei yake hushuka, kwa hiyo siku anaporudi ndipo anapokuwa rahisi. Tena watu wachache wanaye. Akifunga, unawapita wenzako wote kwenye ligi yenu kwa wiki moja. Hii ya pili naikubali kabisa, hasa kwa anayekimbiza pengo kubwa mwishoni mwa msimu. Ya bei siikubali sana. Bei hupanda kwa milioni 0.1 kila mara, na ukimuuza mchezaji unabaki na nusu tu ya faida. Kukatwa pointi 4 kwa ajili ya kuokoa milioni 0.2 ni biashara ya hasara.

Halafu kuna gharama ambayo hatuihesabu. Nyota wa aina hii haingii kikosini peke yake. Ili Salah aingie na bajeti ni milioni 100 kwa watu 15, lazima uvunje sehemu mbili: unauza kiungo aliyekuwa anaanza kila wiki, na mshambuliaji wa pili unambadilisha na wa bei nafuu. Salah akikaa jukwaani, umepoteza watu watatu kwa mpigo.

Na usisahau Ulaya. Bukayo Saka wa Arsenal alirudi Aprili 1, 2025 dhidi ya Fulham, siku 101 tangu aumie nyama za paja, akatokea benchi na kufunga ndani ya dakika saba. Watu wakamkimbilia. Jumamosi iliyofuata, ugenini kwa Everton, kocha Mikel Arteta akamuanzisha benchi. Jumanne yake alikuwa kikosi cha kwanza dhidi ya Real Madrid, na wiki moja baadaye akafunga Bernabéu, nyumbani kwa Real. Goli tamu sana, lakini kwenye FPL halina hata pointi moja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kumsubiri mpaka aanze mechi moja ya ligi na apite dakika 60 bila kushika paja. Tangu msimu wa 2024/25 usajili wa bure unaweza kulimbikizwa hadi mitano, badala ya miwili ya zamani, kwa hiyo kusubiri hakuumi kama zamani. Nikiwa na mitatu mkononi, na klabu yake haina mechi ya Ulaya katikati ya wiki, nitamnunua hata kama anatarajiwa kuanza benchi. Nikiwa na mmoja tu, hata afunge mawili Jumamosi hii, simgusi mpaka ijayo.