Maiti ni ya nani, mke au ukoo?

Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986, akazikwa Nyalgunga, Siaya, magharibi mwa Kenya, tarehe 23 Mei 1987. Miezi yote hiyo mitano mjane wake, Wambui, alikuwa akivutana mahakamani na ukoo wa Umira Kager. Wambui alitaka kumzika kwenye shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo ukashikilia kuwa Mjaluo huzikwa kwa baba zake.

Kesi hii husimuliwa kama ugomvi wa usasa na mila, au wa Mkikuyu na Wajaluo. Simulizi hiyo ni nyepesi mno.

Ukoo ulikuwa na hoja nzito kuliko watu wa mjini wanavyotaka kukubali. Kwa Wajaluo, nyumba siyo lazima iwe nyumbani. Unaweza kujenga jumba Nairobi, lakini dala, yaani boma la nyumbani, huanzishwa kwa taratibu zake: baba, mwana, jogoo na shoka. Kwa kipimo hicho, Matasia palikuwa mahali pa kuishi tu. Tena kaburi si la marehemu peke yake. Ndilo linalowaonyesha wajukuu kwao ni wapi.

Lakini hao wajukuu watatoka kwa nani, kama si kwa watoto wa Otieno? Hapa ndipo hoja ya ukoo inapojikwaa. Ukoo unafuata damu ya baba, kwa hiyo watoto waliosimama na mama yao walikuwa Umira Kager sawa na ami zao. Mahakamani, hata hivyo, ukoo ulizungumza kana kwamba watoto hao ni wakwe waliokuja kuhani.

Mahakama ya Rufani nayo ikaona kwamba Mjaluo hawezi kuiacha mila yake kwa sababu ya elimu au ndoa. Sikubaliani nayo, na si kwa sababu naidharau mila. Wazee wakikaa chini ya mti hubishana, hubembelezana, mwisho kila mmoja huondoka na chochote. Jaji hana nafasi hiyo. Anachoweza ni kumpa mmoja maiti yote.

Mwaka 2004 Mahakama Kuu, katika kesi nyingine, iliegemea upande wa pili: wa kwanza ni aliye karibu zaidi na marehemu kisheria, mara nyingi mwenzi wa ndoa. Kwa wajane ni nafuu kubwa. Ila bado ni kumtafuta mshindi. Nyalgunga, siku ya mazishi, Wambui hakuwepo.