Nani Abebe Barua Pepe za Mifumo Yetu: Seva Yetu au Msafirishaji wa Mbali?

Katika Jiji la Mbeya, na vivyo hivyo Iringa na Njombe, vyama vya akiba na mikopo, shule za bweni na vyama vya ushirika vya wakulima vinazidi kuachana na madaftari na kuhamia kwenye mifumo ya wavuti, na karibu kila mfumo wa aina hiyo hulazimika kutuma barua pepe: kiungo cha kubadilisha nenosiri, taarifa ya mkopo, risiti ya ada. Miongoni mwetu tunaoitengeneza mifumo hiyo pana mabishano ya siku nyingi. Wapo wanaoshikilia kwamba taasisi iwe na seva yake ya barua, inayozungumza moja kwa moja na seva ya mpokeaji. Wengine wanasema kazi hiyo ikabidhiwe kampuni za nje ambazo biashara yao ni kusafirisha barua za watu wengine. Nimefanya kazi kwa njia zote mbili, na naona kila upande una hoja ambayo wenzao hawaipi uzito unaostahili.

Wanaotetea seva ya nyumbani wana msingi imara. Itifaki ya SMTP (kanuni ambazo seva hufuata kukabidhiana barua), ambayo Jon Postel aliiandika mwaka 1982, inairuhusu mashine yoyote kukabidhi barua kwa mashine nyingine bila kumwomba mtu kibali. Postfix, programu ya seva ya barua iliyobuniwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, haiuzwi, na hutosha kwenye seva ndogo kabisa. Chama chenye wanachama mia nne hakilipii kila barua, hakihitaji kadi ya benki ya kulipia kwa dola, wala hakuna mtu wa mbali anayeweza kuamka asubuhi na kuifunga akaunti yake kwa sababu ambazo haelezi.

Hoja yao nzito zaidi ni ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na msafirishaji wa barua aliye ng'ambo anapokea majina, anwani na, mara nyingi, maudhui yenyewe. Upande wa pili hujibu kwamba wanachama wengi wanatumia Gmail, hivyo barua itavuka mipaka kwa vyovyote vile. Jibu hilo ni kweli, lakini halimalizi jambo. Mwanachama alijichagulia Gmail mwenyewe; msafirishaji amechaguliwa na taasisi, bila yeye kuulizwa, na anayo kumbukumbu ya barua za wanachama wote mahali pamoja.

Hata hivyo, wanaotegemea seva ya nyumbani ili kukwepa matatizo ya njia za kimataifa wanajidanganya. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikayumba nchi nzima, seva iliyokuwa hapa Mbeya haikuwa na nafuu yoyote katika kufikisha barua kwenye kisanduku kilichoko Marekani au Ulaya.

Udhaifu mkubwa wa njia hiyo uko katika sifa ya mtumaji, nami nataka kukaa hapo kidogo, kwa kuwa ndipo mifumo mingi inapoanguka. Seva inayopokea barua haiangalii maandishi peke yake. Huangalia anwani ya IP (namba ya mashine kwenye mtandao) iliyoileta, kama anwani hiyo ina jina katika DNS (daftari la majina ya mtandao) linalorudi kwenye mashine ileile, kama rekodi ya SPF, yaani orodha ya mashine zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa (jina la taasisi kwenye mtandao), inaitambua, kama saini ya DKIM, muhuri wa kidijitali wa kikoa, inathibitika, na huko nyuma anwani hiyo imewahi kutuma nini. Anayekodi nafasi kwenye seva ya pamoja anashiriki anwani na mamia ya tovuti asizozijua, na jirani mmoja akidukuliwa na kuanza kumwaga barua taka, wote wanaingia kwenye orodha nyeusi kama ya Spamhaus. Anayekodi seva yake mwenyewe hukuta mara nyingi kwamba mwenye mitambo amefunga mlango namba 25, ambao seva hupitishia barua kati yao, kama Google Cloud inavyofanya. Na hata aliyevuka vikwazo hivyo vyote, mwenye barua arobaini tu kwa siku, anabaki na tatizo ambalo juhudi haziliondoi: barua arobaini ni chache mno kujenga sifa njema, ilhali malalamiko mawili au matatu yanatosha kuiharibu.

Nililijua hilo kwa gharama ya watu wengine, na bado linaniuma. Mfumo wa chama kimoja cha akiba hapa jijini niliufunga na seva yake ya barua, nikaujaribu kwa anwani zangu, ukafanya kazi. Wiki chache baadaye mwalimu mstaafu alipanda gari kutoka Tukuyu hadi ofisini kwa ajili ya nenosiri tu, maana barua aliyoahidiwa hakuiona. Kumbukumbu za seva zilionyesha barua tatu, zote zikiwa zimepokelewa kwa msimbo 250. Tulipofungua simu yake tulizikuta zimelala kwenye folda ya taka. Msimbo 250 ni kama risiti unayopewa unapokabidhi kifurushi kwenye basi pale Stendi ya Nane Nane: inathibitisha kwamba mzigo umepokelewa, haielezi umewekwa wapi ulipofika. Hata neno la ndiyo linalorudishwa na kazi ya mail() katika PHP, lugha inayoandikiwa tovuti nyingi, linathibitisha machache kuliko msimbo huo, kwa kuwa linasema tu kwamba barua imekubaliwa na programu ya kutuma barua iliyo kwenye mashine yenyewe.

Kwa upande wa wasafirishaji, bei si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa; Amazon SES, kwa mfano, imekuwa ikitoza senti kumi za dola kwa barua elfu moja. Wanachouza hasa ni sifa ya anwani zao na taarifa za kila barua iliyokataliwa. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wameyakaza masharti: kila mtumaji awe na uthibitisho wa SPF au DKIM, malalamiko ya barua taka yasifikie asilimia 0.3, na anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail awe na SPF, DKIM na DMARC (agizo la kikoa juu ya barua zinazoshindwa uthibitisho) kwa pamoja. Msafirishaji anaurahisisha mzigo huo, ila hauondoi wote: rekodi za DNS bado huwekwa kwenye kikoa cha taasisi, na asiyeziweka atajikuta analipia huduma huku barua zake zikiendelea kuangukia kwenye taka.

Ipo njia ya tatu ambayo mafundi wengi huishika kwa haraka, yaani kuufanya mfumo utume kupitia akaunti ya kawaida ya Gmail ya katibu. Siiungi mkono hata kidogo. Akaunti hiyo ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, majibu ya wanachama huchanganyika na barua binafsi za mtu, na siku katibu akibadilishwa mfumo unakaa kimya bila yeyote kujua.

Katika mabishano haya yote, jambo moja hupuuzwa na pande zote mbili, nalo ni namna programu yenyewe inavyoikabidhi barua. Mifumo mingi niliyoikagua hutuma barua papo hapo, wakati mtumiaji bado anasubiri ukurasa ufunguke. Seva ya upande wa pili ikijibu kwa msimbo wa kuanzia 4, maana yake ni "rudi baadaye", na kanuni za SMTP zinashauri kusubiri angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena na kutokata tamaa kabla ya siku nne au tano. Ukurasa wa wavuti hauwezi kusubiri hivyo. Ama utakwama, ama utaitupa barua. Barua inapaswa kuandikwa kwanza kwenye hifadhidata kama kazi iliyo foleni, kisha programu nyingine iichukue, ijaribu, na irekodi jibu lililorudi. Umeme ukikatika katikati, barua bado ipo. Na kwa kuwa foleni iko mikononi mwa taasisi, kumbadilisha msafirishaji hakuhitaji kuuvunja mfumo.

Kwa sababu hiyo, kwa chama au shule ya ukubwa tulio nao huku Nyanda za Juu Kusini, ningempa msafirishaji kazi ya kubeba, lakini foleni, kumbukumbu na maudhui nyeti vibaki nyumbani. Barua isibebe salio wala nenosiri. Ibebe kiungo kinachokwisha muda wake, na mwanachama asome taarifa zake ndani ya mfumo. Kwa namna hiyo hofu ya faragha inapungua sana, ingawa majina na anwani bado yatapita kwa msafirishaji, na taasisi inapaswa kuwaeleza wanachama wake hivyo kwa maandishi. Chuo kikuu chenye mafundi wa kudumu wa mitandao na barua maelfu kwa siku kinaweza kuamua tofauti, nami sitakipinga.

Ninachokipinga ni taasisi kubishana juu ya msafirishaji kabla ya kujua kikoa chake kimesajiliwa kwa jina la nani. Mara kadhaa nimeombwa kuongeza mstari mmoja wa DKIM, kazi ya dakika kumi, nikakuta kikoa kiko kwenye akaunti binafsi ya fundi aliyeondoka zamani na asiyepatikana tena kwa simu. Hapo hakuna njia inayofanya kazi, si Postfix wala msafirishaji wa dola, hadi kikoa kirejeshwe kwa mwenyewe.