Kalenda ya Kiyahudi na tarehe ya kusulubiwa: wanaosita wana hoja

Kila Pasaka inapokaribia, tarehe mbili za kusulubiwa kwa Yesu huanza kupita mkono kwa mkono: Ijumaa, Aprili 7 mwaka 30, na Ijumaa, Aprili 3 mwaka 33. Hazikuokotwa tu. Pilato alitawala Uyahudi kati ya mwaka 26 na 36, Injili zote nne zinaweka kifo cha Yesu katika siku za Pasaka, siku moja kabla ya Sabato, na mwendo wa mwezi unahesabika kurudi nyuma hadi enzi hizo bila shida. J. K. Fotheringham, mwanahistoria wa elimu ya nyota ya kale, alifanya hesabu hiyo na kuitoa mwaka 1934. Mwaka 1983 wanasayansi Colin Humphreys na W. G. Waddington waliirudia katika jarida la Nature, wakauchagua mwaka 33.

Wapo wasomi wanaoisoma hesabu hiyo, wakaikubali, lakini wakakataa kutaja tarehe. Makanisani huonekana wana shaka na Maandiko, na wapenda sayansi huwaona wavivu wa hesabu. Naona hawaeleweki, na hoja yao inastahili kusikilizwa hadi mwisho.

Wanaanza na jambo ambalo msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa. Anayejua jinsi Idi inavyoweza kusaliwa siku mbili tofauti katika mtaa mmoja, hawa wakifuata mwandamo wa nchini na wale wa Makka, anajua kwamba mwezi wa angani na mwezi wa kalenda si lazima vikutane. Katika Yerusalemu ya Hekalu, Nisani, mwezi wa Pasaka, ilianza mashahidi wa mwandamo walipofika mbele ya baraza, wakahojiwa na kuaminiwa. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasimulia kisa cha kizazi kilichofuata, Hekalu likiwa limekwisha kubomolewa. Rabani Gamalieli wa Pili aliwakubali mashahidi ambao usiku uliofuata hilali yao haikuonekana kabisa. Dosa ben Harkinas akasema hao ni waongo: mwanamke atazaaje leo, na kesho tumbo bado li mbele yake? Rabi Yoshua akamuunga mkono Dosa. Gamalieli hakubadili neno. Alimwamuru Yoshua aje kwake na fimbo na fedha mkononi, siku ileile ambayo kwa hesabu ya Yoshua mwenyewe ilikuwa Siku ya Upatanisho, siku ambayo kusafiri na kushika fedha ni mwiko. Yoshua akaenda. Siku takatifu ilikuwa ile iliyotangazwa na baraza, hata baraza likiwa limekosea.

Mwaka nao ulikuwa hivyo hivyo: viongozi ndio walioamua kama uongezwe mwezi. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, imehifadhi barua ambayo Gamalieli, akiwa ameketi na wazee kwenye ngazi za Mlima wa Hekalu, alimwamuru mwandishi Yohana awaandikie ndugu wa mbali: makinda ya njiwa bado ni machanga, wana-kondoo ni wadogo, nafaka haijakomaa, kwa hiyo nimeona vema kuongeza siku thelathini katika mwaka huu. Wengi humtambua Gamalieli huyu kuwa si yule wa Pili bali Gamalieli Mzee, mwalimu wa Paulo anayetajwa katika Matendo 22:3. Basi wana-kondoo waliweza kuisogeza Pasaka mwezi mzima, na hakuna jedwali la nyota linalotuambia walikuwa na unono gani mwaka 30.

Hapo ndipo ninapowaonea uchungu wanaoingiza mwaka katika programu ya kubadilisha tarehe na kuamini jibu linalotoka. Programu hizo kwa kawaida hutumia kalenda ya hesabu, isiyongoja mashahidi, ambayo mapokeo huihusisha na Hileli wa Pili katika karne ya 4. Kalenda hiyo ina sharti kwamba Nisani 15 isiangukie Jumatatu, Jumatano wala Ijumaa. Sasa fungua Marko 14:12: wanafunzi wanaandaa Pasaka siku ya kuchinja kondoo, wanaila jioni, na siku iliyoanza jioni hiyo, Nisani 15, ndiyo Ijumaa ya msalaba. Programu imekwisha kuifuta simulizi ya Marko kabla hujauliza swali, kwa sharti ambalo hatuna ushahidi kwamba lilitumika wakati wa Yesu. Mtu anadhani amepata ushahidi wa Injili ya Yohana, inayoiweka Ijumaa hiyo Nisani 14, dhidi ya Marko, kumbe amepata sharti la karne nyingine.

Wanaohesabu mwandamo wenyewe wana jibu zuri, na lazima walipwe haki yao. Mwezi wa Kiyahudi ulikuwa na siku 29 au 30, kwa hiyo wingu lingeweza kuchelewesha tarehe kwa siku moja, si wiki. Na kwa miaka 30 na 33, Nisani 14 inaangukia Ijumaa kwa uzuri.

Lakini Nisani 14 ni ya nani? Ni ya Yohana, ambaye kwake viongozi hawaingii kwa Pilato asubuhi ili wasitiwe unajisi wakashindwa kuila Pasaka (18:28). Ukimfuata Marko unatafuta Ijumaa ya Nisani 15, na hapo majirani wa hesabu ni mwaka 27, na 34 kama mwaka huo uliongezwa mwezi. Mwezi haukuchagua kati yao. Aliyechagua ni msomaji, kabla ya kuhesabu. Hata kupatwa kwa mwezi kwa Aprili 3 mwaka 33, kunakohusishwa na Petro kutaja mwezi kuwa damu siku ya Pentekoste, kulikuwa kumepita kilele mwezi ulipochomoza Yerusalemu. Kilichobaki ni mkia wake katika mwanga wa machweo.

Kinachobana zaidi kiko nje ya kalenda. Luka 3:1 inaweka huduma ya Yohana Mbatizaji katika mwaka wa 15 wa Tiberio, takriban 28 au 29, na hilo linauondoa mwaka 27. Maandishi yaliyochongwa Delphi, Ugiriki, yanamweka Galio, liwali wa Kirumi ambaye Paulo alifikishwa mbele yake, Korintho karibu na mwaka 51, na miaka mitatu na kumi na minne baada ya kuongoka kwake ambayo Paulo anaitaja kwa Wagalatia inaubana sana mwaka 34. Zinabaki 30 na 33, na kwa sasa naegemea 30 kwa sababu ya Paulo, si kwa sababu ya mwezi.