Madobi wa Troy: je, karatasi ndiyo iliyowaua?

Chama cha madobi wa kola wa Troy, jimbo la New York, hakikudumu hata miaka 7. Wanaokisifu husimulia mwanzo wake, na wanaokibeza hurukia mwisho.

Mwanzo ulikuwa Februari 1864. Wanawake wapatao 300, wengi wahamiaji kutoka Ireland, waliweka pasi chini wakiongozwa na Kate Mullany. Walikuwa wakifanya kazi saa 12 hadi 14 kwa siku, katikati ya joto na mvuke, kwa dola 3 au 4 kwa wiki. Haikupita wiki, waajiri wakakubali nyongeza ya asilimia 25. Troy ilikuwa makao makuu ya kola za kubandua, zisizoshonwa kwenye shati, na kola mpya haikwenda dukani kabla ya kufuliwa, kutiwa wanga na kupigwa pasi. Ufundi huo hauokotwi barabarani. Kwa hiyo udogo wa chama ulikuwa faida: watu wachache wa mji mmoja, wameikaba biashara nzima shingoni.

Kisha kuna suala la fedha. Mwaka 1866 chama kiliwachangia wasubu chuma, yaani mafundi wa kumimina chuma kilichoyeyushwa katika kalibu, dola 1,000, na mwaka 1868 waashi wa New York dola 500. Mtu anaweza kuuita ufujaji. Akiba hiyo ingewafaa baadaye. Mimi siuoni hivyo. Mwaka huohuo wa 1868 William Sylvis, kiongozi wa wasubu chuma, alimteua Mullany kuwa katibu msaidizi wa National Labor Union, muungano wa kitaifa wa vyama vya wafanyakazi, na mgomo wa madobi wa 1869 ulipoanza, wasubu chuma walisimama nao.

Mgomo huo ulishindwa. Inasemekana sana kwamba kola za karatasi, zinazovaliwa na kutupwa bila kufuliwa, ndizo zilizowamaliza. Hofu hiyo ilikuwepo, lakini Troy iliendelea kutengeneza kola za kitambaa kwa miongo kadhaa. Lililowavunja hasa ni watengenezaji kuungana na kuwanyima kazi wamiliki wa nyumba za udobi watakaokubaliana na chama. Madobi walijaribu kuanzisha ushirika wao wa kola, lakini mwaka 1870 chama kikavunjwa.

Hapo wakosoaji wana hoja nzito kuliko ya karatasi. Wanawake walioshona kola hizohizo walikuwa wengi kuliko madobi, na hawakuwa ndani ya chama. Mtengenezaji aliyewakabili madobi bado alikuwa na washonaji wake kazini.